Shangazi, mume wangu anataka tupande meli ya kitalii na mimi naogopa maji

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ilemela, umri wangu miaka arobaini na kitu. Mume wangu, Baba Neema, ananunua mabondo ya samaki kwa wavuvi na kuwauzia wanaosafirisha nje. Mwaka huu biashara imemkubali. Neema yuko chuo, wadogo zake wako bweni, nyumba ya Buswelu tumeshaezeka na tumehamia. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane kuna hela imekaa tu, haina jina la ada wala la bati.

Sasa Baba Neema kaona video kwenye simu. Meli ya ghorofa kumi na kitu, bwawa la kuogelea juu kabisa, watu wamevaa nyeupe, mwanamuziki anapiga piano. Kasema hiyo ndiyo zawadi yetu ya ndoa: siku saba Bahari ya Mediterania, tunaanzia Barcelona na kurudi hapo hapo. Kampata wakala kwenye WhatsApp anayesema ni dola 900 kwa kila mtu, "kila kitu ndani". Wakala anataka nusu itumwe kwenye namba yake ya simu kabla ya mwisho wa mwezi, eti bei inapanda.

Shangazi, mimi na maji hatupatani. Mwaka 1996 nilikuwa darasa la sita. Mjomba wangu, ambaye ndiye alikuwa akininunulia sare na madaftari, alikuwa anarudi na MV Bukoba, ile meli iliyozama. Tarehe 21 Mei mama alinishika mkono tukaenda bandarini, na kesho yake, na keshokutwa. Hatukumpata. Mpaka leo mama akienda Igoma kwenye yale makaburi ya pamoja anaweka maua katikati, maana hajui mdogo wake kalala upande gani, au kama yupo pale kweli. Baba Neema anajua nilikuwa na mjomba aliyefia ziwani. Habari ya kusubiri bandarini sijawahi kumsimulia.

Kivuko cha Busisi nilikuwa nakipanda nimefumba macho. Daraja lilipofunguliwa Juni 2025 nilishukuru kuliko watu wote wa Sengerema.

Nikimwambia sitaki, ananicheka. Majuzi kaja na wazo lake: tupande kwanza meli ya Bukoba, daraja la kwanza, tulale usiku mmoja "ili nizoee". Nikakataa, tukanuniana. Akasema basi ataenda na rafiki yake. Wifi yangu naye akatia chumvi: mwanaume akienda peke yake huko, usije ukalia.

Na kuna mengine madogo. Mimi ni Msabato, sili nguruwe wala kambale, kilevi sigusi. Yeye kinywaji anakunywa. Tumbo langu nalo, hata kivuko cha Kamanga kinanizungusha kichwa. Nasikia pia kuna usiku wa kuvaa rasmi huko. Je, mimi ndiye ninayeibana ndoa isipumue? Au nishike msimamo hela iende kwenye kiwanja?

Mama Neema, Ilemela

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na la haraka: hela isitumwe. Simfahamu huyo wakala, huenda ni mtu mwema, lakini utaratibu wake si wa biashara hii. Kampuni za meli huchukua advansi ndogo ya kushikilia chumba, salio linalipwa miezi miwili au mitatu kabla ya safari. Ukishalipa advansi unapewa uthibitisho wenye jina la meli, tarehe ya kuondoka, aina ya chumba na namba ya bukingi. Kwa namba hiyo unaingia wewe mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli na kuliona jina lako pale. Basi mwulizeni wakala maswali hayo hayo: kampuni gani, meli ipi, inang'oa nanga tarehe ngapi. Jina la ofisi yake mkaliangalie BRELA, wanakosajili biashara. Malipo yaende kwenye akaunti ya benki yenye jina la ofisi, si la mtu. Akianza kujibu "niamini bosi", mmeshajibiwa.

Tuje kwenye "kila kitu ndani", maana hapo ndipo watu wengi wanapoanza safari wakicheka na kuimaliza wanahesabu. Kwenye meli kubwa za baharini, bei ya tiketi huwa ina chumba, chakula cha bufee na cha ukumbi mkuu, bwawa, maonyesho ya jioni, na maji na chai pale kwenye bufee. Soda, bia, mvinyo, intaneti, migahawa maalum, kukandwa mwili na matembezi ya kila mji mnaotia nanga ni hela nyingine. Wapiga picha watawafuata mezani na ngazini, mtapendeza sana kwenye picha hizo, na kila picha inauzwa. Halafu kuna bakshishi ya wahudumu, ambayo kampuni nyingi hukata kwa kila kichwa kwa kila siku, muwe mmehudumiwa vizuri au la. Ikiwa ni dola 14, kwa mfano, zidisha kwa watu wawili na siku saba: dola 196 zimeondoka kabla hujanunua hata soda. Ndani ya meli hulipi taslimu. Kila kitu kinaandikwa kwenye kadi ya chumba, na kadi haina uchungu wa noti. Bili inakuja asubuhi ya mwisho.

Na hili la kinywaji linawahusu ninyi wawili hasa. Meli huuza vifurushi vya vinywaji, unalipa kwa siku kisha unakunywa upendavyo. Baba Neema atakitamani. Lakini kampuni nyingi zina sharti kwamba mtu mzima mmoja wa chumba akichukua kifurushi cha pombe, na mwenzake achukue, wasije wakagawana. Kwa hiyo wewe Msabato utalipiwa bia usizokunywa kwa siku saba. Mwulizeni wakala hilo kabla ya yote. Bia mbili tatu za kulipia moja moja zitawagharimu kidogo kuliko vifurushi viwili.

Sasa toka melini upande nchi kavu. Barcelona iko Hispania, na Mtanzania anahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya: ada euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari ya angalau euro 30,000, taarifa za benki, na safari ya Dar es Salaam kupiga alama za vidole. Meli ikipita bandari iliyo nje ya eneo la Schengen, Tunis kwa mfano, viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo kurudi Barcelona ni kesi. Kuna nauli ya ndege Mwanza hadi Dar, Dar hadi Ulaya. Kuna hoteli ya usiku mmoja kabla, kwa sababu meli haimsubiri aliyecheleweshwa na ndege, na mwenye busara hafiki siku ile ile ya kuondoka. Ukijumlisha, zile dola 1,800 za tiketi zinaweza zisifike hata nusu ya mtakachotumia. Mwekee Baba Neema karatasi mezani. Yeye ni mfanyabiashara, anajua kupanga gharama za mzigo. Hili ni zoezi lake.

Lakini, Mama Neema, hukuniandikia kwa ajili ya dola.

Umeuliza kama hela iende kwenye kiwanja. Mimi nasema usijifiche nyuma ya kiwanja. Ukimwambia mumeo "tununue kiwanja" wakati moyoni unasema "naogopa", yeye anasikia mke asiyetaka kufurahi naye, na anajibu kwa namna aliyojibu. Kicheko chake kinaudhi, na hilo la kwenda na rafiki lilikuwa la kitoto. Ila jiulize anacheka nini. Anamcheka mtu anayeogopa kivuko cha Kamanga. Yule mtoto wa darasa la sita aliyesimama bandarini siku tatu akishikwa mkono na mama yake hajawahi kukutana naye. Msimulie. Usimsimulie mkiwa mnagombana, wala usiku taa zikiwa zimezimwa na yeye kachoka. Mwombe akusindikize Igoma Jumapili moja, na mama yako akiweza aje. Mueleze pale pale.

Kuhusu wazo la meli ya Bukoba, kulikataa kwako nakuunga mkono asilimia mia. Meli ya sasa haina kosa. MV Victoria ilikarabatiwa ikarudi majini 2020 na watu wanalala salama hadi Bukoba. Tatizo ni kwamba ile ndiyo njia ya mjomba wako. Utalala macho, utahesabu kila mtikisiko, na ukifika Bukoba utakuwa umejifunza kuogopa zaidi. Ukitaka kujipima, panda boti asubuhi kwenda Saanane, ni karibu mno na mji na unaona Capri Point muda wote. Mkikaa vizuri, siku nyingine nendeni Nansio, Ukerewe, mchana. Ukisema basi, iwe basi.

Hofu yako ina sababu, na ni vizuri uijue sababu hiyo ili usiibebeshe kila chombo kinachoelea. Kilichotuua kwenye ziwa letu ni kujaza kupita kiasi. MV Nyerere iliruhusiwa watu 101. Ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, waliofariki peke yao walikuwa 228. MV Bukoba nayo ilizidisha, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, ndiyo maana mama yako na wenzake wengi walibaki bandarini bila mtu wa kuwaambia ndiyo au hapana.

Kwenye meli za kimataifa, kadi ya chumba inasomwa na mashine kila unapopanda na kila unaposhuka, kwa hiyo nahodha anajua wako watu wangapi ndani. Mkataba wa usalama wa meli uliozaliwa baada ya Titanic kuzama 1912 unataka boti za uokoaji na maboya ya kujaza hewa yatoshe watu wote waliomo na robo yao ya ziada. Ajali hata hivyo zipo. Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, nahodha akiwa kaisogeza pwani mno, na watu 32 walikufa kati ya zaidi ya 4,000. Baadhi ya abiria walikuwa wamepanda siku hiyo hiyo na hawajafanya zoezi la dharura. Siku hizi zoezi ni kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka: unaonyeshwa kituo chako cha kukusanyikia, jaketi la kuokolea maisha na mlio wa king'ora. Siku ya kupanda, kabla ya bufee na kabla ya bwawa, mwende wote wawili mkakione kituo chenu kwa macho, mpite ngazi zile kwa miguu. Wewe utalala vizuri zaidi, na yeye haitamgharimu kitu.

Tumbo halinitishi sana. Mawimbi mafupi ya ziwani yanayopiga kivuko ubavuni si sawa na mwendo wa meli ya urefu wa mita 300, ambayo tena ina mapezi chini ya maji ya kuizuia isiyumbe. Chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, chenye dirisha, ndicho kinachotikisika kidogo. Wakala atawapa cha ndani kisicho na dirisha kwa sababu ni rahisi. Kwa mtu mwenye hofu yako, kuamka kwenye giza usijue ni saa ngapi ni mateso ya kununua. Vidonge vya kichefuchefu cha safari unaviuliza famasi, na unavimeza kabla ya kuanza kuumwa, si baada.

Hata hivyo, Mediterania isiwe ya kwanza. Nina pendekezo ambalo nadhani litawafaa wote wawili: Mto Nile, Misri, kati ya Luxor na Aswan. Ni umbali wa kilomita 220 hivi, kama Mwanza hadi Musoma, na meli zinautembea taratibu kwa siku nne au tano, zikifunga gati mara kwa mara. Si meli za maelfu ya watu. Nyingi zinabeba abiria mia na kitu. Zina bwawa juu, zina vyumba vyenye madirisha makubwa, Baba Neema atapata video yake. Na kubwa kwako: kushoto unaona ukingo, kulia unaona ukingo, mitende, punda, watoto wanaogelea. Mawimbi hakuna. Sehemu ya maji hayo imetoka ziwani kwenu kupitia Jinja kule Uganda, ila hilo ni la kumwambia mama, halipunguzi nauli.

Mtashuka Edfu kuona hekalu la Horus, mungu wao wa kale, mtashuka Kom Ombo ambako wazee wa zamani waliwakausha mamba na kuwahifadhi, na mamba hao wamo makumbusho hapo pembeni. Esna meli inasubiri zamu ya kupita kwenye lango la maji, na wachuuzi wanaisogelea kwa mitumbwi, wanarusha kanzu na shuka zikiwa kwenye mifuko mpaka juu sitahani. Ukipenda unarusha hela chini, usipopenda unairudisha nguo. Mume wako aliyezoea kubishana bei ya mabondo mwaloni, hapo mwache, atakuwa nyumbani.

Viza ya Misri ianzeni mapema kupitia ubalozi wao Dar es Salaam, na pasipoti ziwe na miezi sita mbele. Kama umeajiriwa na serikali, kibali cha kusafiri nje nacho kiombe mapema, usingoje tiketi. Likizo yako ya Desemba inaingia vizuri, kwa sababu kiangazi cha kule joto linapita nyuzi 40 na mahekalu hayana kivuli cha kutosha. Nendeni shule zikifungwa tu, mrudi kabla ya Krismasi, maana wiki ya sikukuu bei inaruka. Ulizieni kama bei ina viingilio vya mahekalu na mwongozaji, kwani mara nyingi vimo. Vinywaji huwa havimo, na bakshishi ipo tena ya kila mtu, hadi aliyekuonyesha mlango uliokuwa wazi. Bebeni noti ndogo.

Ikiwa Baba Neema atang'ang'ania bahari, ipo njia ya kati: meli za msimu zinazotoka Durban kwenda pwani ya Msumbiji katika miezi ya joto ya huko, safari za siku chache. Afrika Kusini Mtanzania haombi viza kwa matembezi ya hadi siku 90. Hapo hamna karatasi nyingi, na mkishindwana na maji, siku ya nne mko nchi kavu. Ila ni bahari kuu, si mto, na wewe ndiye utakayeamua.

Chakula kisikusumbue. Misri nguruwe ni nadra mezani, na meli kubwa ukiandika wakati wa kulipia kwamba huli nguruwe na samaki wasio na magamba, jikoni wanajua. Ibada yako ya Sabato utaifanya chumbani au sitahani asubuhi, hakuna atakayekuuliza. Usiku wa kuvaa rasmi, kitenge kilichoshonwa na fundi anayejua kazi kinatosha na kuzidi. Pasi usibebe, meli zinakataza na zitakunyang'anya mlangoni. Dawa zenu na nguo za siku ya kwanza ziwe kwenye begi la mkononi, kwa kuwa mabegi makubwa huchukuliwa bandarini na yanaweza kufika mlangoni kwenu jioni.

Na wifi yako mpe salamu zangu, pamoja na hesabu hii: bei nyingi za meli huhesabiwa kwa kila mtu mkiwa wawili katika chumba kimoja. Anayekwenda peke yake mara nyingi hulipia chumba kana kwamba wako wawili, au karibu na hapo. Kwa hiyo kaka yake akitaka kupunguza gharama itabidi kweli aende na yule rafiki, walale chumba kimoja siku saba, na mmoja wao akikoroma kabla hawajafika Marseille, huko si mahali pa kushuka na kupanda basi la kurudi Mwanza.